Mshahara wa Mwaka Ugawanye kwa Saa

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa,

Nawaandikia kutoka Leicester, England. Mpwa wangu, muuguzi katika hospitali moja binafsi jijini Mbeya, ameniandikia: "Mjomba, nasikia muuguzi anayeanza huko analipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Niache kazi nije?" Tangu namba hiyo ifike nyumbani, ukoo mzima kuanzia Uyole hadi Kihesa unaizidisha kwa bei ya pauni ya siku hiyo, na kila anayezidisha anaona nyumba imeshapauliwa. Simlaumu yeyote. Namba ni ya kweli: ndiyo mshahara wa kuanzia wa daraja la 5 katika hospitali za umma za England kwa mwaka 2025/26. Ila namba ya mwaka haisemi mtu ametoa saa ngapi za maisha yake ili aipate, na mimi naona hilo ndilo swali la kwanza.

Mpwa wangu, anza na mshahara wako mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwishoni ina jedwali la kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa. Unachukua saa zako za wiki, unazizidisha kwa 4.333, ambazo ni wiki za mwezi kwa wastani, kisha unagawanya mshahara kwa jibu hilo. Anayefanya kazi saa 45 anagawanya kwa 195. Hata amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilikwenda hivyohivyo: mfanyakazi wa kilimo shilingi 100,000 kwa mwezi, na pembeni yake imeandikwa shilingi 512.85 kwa saa.

Wewe unalipwa 700,000. Saa yako ni shilingi 3,590. Ukiijua hiyo, hati yako ya mshahara inaanza kusomeka. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 5,385. Saa ya sikukuu ni mara mbili, 7,180. Saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, kama shilingi 180. Watu wangapi Mwanjelwa na Mafinga wanapokea "posho ya ovataimu" ya jumla, bila kujua imetoka wapi? Inaniuma, kwa sababu hesabu hii inamalizwa kwa simu ya vitufe.

Sasa ya huku. Wiki ya muuguzi ni saa 37 na nusu, na mwaka una wiki 52 na siku moja. Gawanya: pauni 15.88 kwa saa. Toa kodi ya mapato na bima ya taifa, inabaki kama 13.2, na mchango wa pensheni bado haujakatwa. Zamu ndefu mara nyingi ni saa 12 na nusu, lakini saa moja ya mapumziko hailipwi, na dakika 45 za njia kwenda na 45 za kurudi hakuna anayezilipa. Umekuwa nje ya nyumba kwa saa 14, umelipwa saa 11 na nusu. Ukigawanya ulichobakiwa nacho kwa saa zote ulizokuwa nje, unapata chini kidogo ya pauni 11.

Haki iende pande zote. Ndani ya zile pauni 31,049 kuna likizo yenye malipo, siku 27 na sikukuu 8 kwa anayeanza, kwa hiyo saa unazosimama wodini ni pungufu ya zile za mkataba. Usiku na Jumamosi vina nyongeza ya asilimia 30, Jumapili na sikukuu asilimia 60. Linganisha na asilimia 5 yetu. Hapo namwonea uchungu kila muuguzi anayekesha wodini Mbeya.

Saa ina faida nyingine: inapima matumizi bila kupitia bei ya pauni. Chumba kimoja ninachopanga ni pauni 600 kwa mwezi. Kwa kipato cha muuguzi anayeanza, hizo ni saa 45 za kazi, wiki nzima ya kisheria ya Tanzania, kwa ajili ya kitanda na dirisha. Wewe piga hesabu kodi ya chumba chako Mbeya inakula saa ngapi, kisha ndipo tuongee.

Mimi nilianzia kuhudumia wazee majumbani mwao. Kampuni ilinilipa dakika nilizokuwa ndani ya nyumba ya mzee. Za kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine haikunilipa, ingawa sheria ya kima cha chini ya huku inazihesabu. Na anayelala kwa mgonjwa, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwezi Machi 2021 kwamba saa za usingizi hazilazimiki kulipwa kima hicho. Njia ya viza ya kazi hizo za uangalizi imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza tangu tarehe 22 Julai 2025. Dalali yeyote anayekuahidi viza yake leo anataka fedha zako.

Wazee wetu wa Nyanda za Juu waliochukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge walijua kwa uchungu maana ya saa zisizohesabiwa. Walilipwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi uliyopangiwa haikuisha, haikuwekewa alama, na mwezi wa kalenda uliweza kupita mwezi wa kadi ukiwa katikati. Nani alihesabu saa zao?

Ndiyo maana, mpwa wangu, kabla hujaniuliza tena habari za viza, nakuomba kitu kwa ajili ya mama yako. Anachuma chai Mufindi na analipwa kwa kilo. Masika jani linachipua haraka; Juni na Julai baridi inalizuia, na mtu anaweza kuinama saa zilezile akapata kilo chache. Sheria ileile ya mwaka 2004 inasema asiyelipwa kwa muda ahesabiwe kwa alichopata katika wiki 13 zilizopita. Mnunulie daftari. Aandike saa ya kuingia shambani, saa ya kutoka mzani, na fedha. Wiki 13 zikitimia, jumlisha, gawanya, halafu nitumie jibu.

Mjomba wenu,
Leicester