Msako Usio na Mawindo

Kati ya mambo ya Uingereza ambayo sisi watu wa Mpanda tungestahili kuyatazama kwa wivu, wengi wangeanza na barabara au hospitali. Mimi naanza na farasi na mbwa. Asubuhi ya majira ya baridi, mtu mmoja hutangulia mashambani akikokota kitambaa kilicholowa mafuta ya anisi au harufu nyingine kali. Hupita majanini, huvuka vijito, huzunguka vichaka, kwa njia iliyopangwa mapema na kukubaliwa na wenye mashamba. Akishapotea machoni, kundi la mbwa wa msako huachiwa. Mbwa huikamata harufu, hulia kwa pamoja mlio unaosikika mbali sana, na nyuma yao farasi huenda shoti wakiruka mitaro na nyua mpaka harufu inapokoma. Pale inapokoma hakuna mnyama aliyekufa. Mbwa hupewa kitu cha kula, farasi hupumzishwa huku mvuke ukiwatoka mbavuni, kisha msafara wote husogea kwenye mstari wa pili. Utamaduni huu umenivutia kwa sababu unajibu swali ambalo mkoa wetu wa Katavi umeshindwa kulijibu kwa zaidi ya miaka mia moja: uwindaji ukikatazwa, heshima ya mwindaji iende wapi?

Anayejiunga na msako wa aina hii kwa mara ya kwanza hukutana na adabu kabla ya kukutana na mbio. Humwamkia mkuu wa msako, hulipa ada ya siku, na hukaa nyuma ya kiongozi wa wapanda farasi bila kumpita hata farasi wake akiwa na moto kiasi gani. Akiona utepe mwekundu kwenye mkia wa farasi aliye mbele, anajua huyo hupiga mateke, basi anajiweka mbali. Mbwa wakipita, humgeuza farasi wake awaelekee, ili asije akamkanyaga hata mmoja kwa bahati mbaya. Mageti hufungwa nyuma ya wa mwisho, na mwenye shamba huheshimiwa. Ukiuchunguza utaratibu huu utaona kwamba karibu kila kilichomfanya mtu apende kuwinda kimebaki: hofu ya kuruka ua ambao hujui upande wa pili una nini, kazi ya pamoja ya mbwa na binadamu, mavazi, baragumu, cheo, na hadithi za jioni. Kilichoondolewa ni kifo. Na hapa historia ina neno muhimu. Msako wa harufu haukubuniwa kukwepa sheria, kwani ulikuwepo tangu karne ya 19. Kwa hiyo Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004 ilipoanza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005, na kukataza kuwakimbiza mbweha kwa mbwa, waliolia kwamba utamaduni wa vijijini umezikwa walikuwa na pa kwenda, tena palipokwisha kuheshimika.

Najua jibu litakalonijia, na ni jibu zito. Vikundi vingi vya uwindaji havikwenda huko. Vilianzisha aina nyingine ya msako, wa kufuata harufu ya mbweha mwenyewe, inayowekwa kule kule mbweha wanakoishi, na mbwa wanapomrukia mbweha wa kweli husemwa kuwa ni ajali. Wapinzani wanauita kichaka cha kufichia uwindaji wa zamani. Wanachama wa National Trust, taasisi yenye ardhi kubwa nchini humo, walipiga kura mwezi Oktoba 2021 kutaka usiruhusiwe tena kwenye ardhi yake, na chama cha Labour kiliahidi katika ilani yake ya 2024 kuupiga marufuku. Lakini tazama kilichotenganisha misako hii miwili. Ule wa kwanza una njia inayojulikana na harufu isiyofanana na ya mnyama anayelindwa. Wa pili umeacha mlango wazi kwa makusudi. Funzo ninaloliona humo ni kwamba mbadala wa uwindaji hufanya kazi pale unapokuwa mbali kabisa na mnyama. Halisemi kwamba mbadala ni upuuzi.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu mzima umebeba jina la mwindaji. Kwa masimulizi ya wazee, Katabi alikuwa mwindaji hodari ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale kabla ya kuingia porini. Hapo ndipo uwindaji ulipokuwa na adabu yake: ruhusa, kiapo, mgao wa nyama, na jina la kubeba mpaka uzeeni. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa amri za uwindaji zilizodai leseni na kutenga mapori ya akiba ya kwanza. Waingereza wakaendeleza. Tulipopata uhuru tukarithi, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ikatangazwa mwaka 1974, kisha ikapanuliwa mwaka 1998. Siipingi hifadhi. Bila hiyo, viboko wa Mto Katuma na makundi ya nyati wa Katisunga yangebaki masimulizi. Ninachopinga ni kwamba kila sheria katika mlolongo huo ilimwambia mwindaji acha, na hakuna hata moja iliyomwambia fanya hivi badala yake. Aliyekuwa fundi akaitwa jangili, gobole lake likahamia usiku, na ujuzi wa kusoma nyayo ukawa kitu cha kufichwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Mpimbwe, humu mkoani kwetu. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walikuja na desturi ya kumtuza aliyemuua simba. Muuaji huenda kaya hadi kaya akicheza, na wenye mifugo humpa ng'ombe au fedha kama shukrani kwa kulinda zizi. Watafiti walioishi eneo hilo miaka mingi, miongoni mwao Tim Caro na Monique Borgerhoff Mulder, walichapisha mwaka 2014 utafiti ulioonyesha jinsi mambo yalivyogeuka: waliokuwa wakilipiza kisasi cha ng'ombe walianza kumtafuta simba ambaye hakugusa zizi la mtu, kwa sababu ya tuzo. Tafakari maana yake. Simba huyo haliwi, na ng'ombe waliopotea hawarudi. Anauawa ili kijana apate ngoma, mali na jina. Basi kiini cha jambo ni heshima, na heshima inaweza kupewa njia nyingine bila kumnyima mtu kitoweo.

Na imeshawezekana hapa hapa Afrika Mashariki. Kimana, kusini mwa Kenya, mwezi Desemba 2012, morani wa Kimaasai walianza kushindana katika michezo iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya kuwinda simba: kurusha rungu na mkuki, kuruka juu, kukimbia, huku manyatta inayoshinda ikipewa dume la mbegu. Mlezi wa michezo hiyo ni bingwa wa Olimpiki, David Rudisha. Katika eneo hilo hilo la Amboseli, tangu 2007, vijana ambao zamani wangeua simba wameajiriwa kumfuata kwa nyayo na kuwaonya wachungaji. Na Wasukuma hawahitaji kufundishwa na Wamaasai. Wao walikuwa na vyama vya wawindaji, bayege wa tembo na banunguli wa nungunungu, ambavyo nyimbo zake baadaye zilihamia kwenye kilimo cha ushirika na kuimbwa na watu walioshika majembe. Mawindo yaliondoka, wimbo ukabaki na ukaendelea kumfanya mtu asimame wima.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mbadala wa aina hii ni la nyama. Wapo wanaoingia porini kwa sababu ya njaa au biashara, na ngoma haitawashibisha. Nakubali. Kwao jibu ni kitoweo halali cha bei nafuu, na kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu bucha za nyamapori zilikuwa hatua ya upande huo. La pili ni la simba anayevunja zizi kweli. Huyo ana mwenye ng'ombe anayelia, na kumwambia acheze kwa furaha ni kumtukana, kwa hiyo zizi imara na askari wanaofika mapema lazima vitangulie. La tatu ndilo zito zaidi kwangu: mtalii akilipa anapewa kibali cha kumpiga simba nchi hii hii, halafu kijana wa Mpimbwe anaambiwa acheze bila simba. Hoja ya mapato inayatetea malipo hayo mbele ya hazina, lakini mbele ya kijana haina nguvu, na sijasikia kiongozi aliyeisimamia mkutanoni akaeleweka.

Ndiyo maana mbadala usiletwe kama mafundisho kutoka juu. Farasi hatuna, na mbung'o wasingewaacha wakaishi mwaka. Nyayo tunazo. Mashindano ya kufuata nyayo zilizowekwa na mtu, kata kwa kata, Mpimbwe dhidi ya Mlele, Wapimbwe na Wakonongo pamoja na Wasukuma, kiangazi baada ya mavuno, mbali na mpaka wa hifadhi, na dume la ng'ombe kwa washindi: hayo halmashauri inaweza kuyamudu. Jambo gumu liko kwa wazee. Wao ndio watakaoamua kama kijana aliyeshinda kwa nyayo, akija uani akicheza, atatolewa ng'ombe kama alivyotolewa aliyekuja na ngozi ya simba.