Lokole Yangu Haikusema Kitu

Nilianza kujifunza lokole kwa bidoni mbili za njano, moja imejaa maji, nyingine tupu, na simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Katika video mtu nisiyemjua alihesabu moja, mbili, tatu, nne, akapiga, nami nikamfuata. Mega zikiisha, nilirudia kwa kumbukumbu mpaka majirani walalamike. Baada ya wiki tatu parokia yetu iliniruhusu kuigusa lokole yake: gogo lililochimbwa kupitia ufa mrefu, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya chini, mwingine wa sauti ya juu. Nilijirekodi, nikamtumia koko, babu mzaa mama, Mlokele wa upande wa Isangi.

Jibu lilifika siku ya soko, anapopata mtandao.

“Mjukuu, mikono yako ni mizuri. Sasa niambie, ulisema nini?”

Sikuwa nimesema kitu.

Aibu yangu ilikuwa kubwa kwa sababu jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Darasani naweza kukuandikia *lisaka* kwenye ubao: silabi zote zikiwa chini, ni dimbwi, ya mwisho ikipanda, ni ahadi, mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, karibu tu na mji wetu wa Kisangani, alieleza katika *Talking Drums of Africa* (1949) kwamba lokole haibebi konsonanti wala irabu, hubeba toni. Na kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, mpigaji haliachi neno peke yake. Analizungushia maneno mengine mpaka msikilizaji wa mbali asikose maana. Niliulizwa hayo kwenye mtihani na nikajibu vizuri. Mbele ya ile video hayakunijia hata mara moja. Baba ni mtu wa Maniema, nyumbani tunasema Kiswahili, lugha isiyo na toni, na Kilokele cha mama kilituishia kwenye salamu. Nilichosikia mimi ni midundo.

Video siilaumu sana. Ilinipa mikono, na bila simu hiyohiyo koko ningemsikia mara moja kwa mwaka, kama nauli ya boti ipo. (Ila spika ndogo ya simu huimeza sauti ya chini. Ina maana kwa wiki tatu nilikuwa nasikia nusu ya lugha!)

Tangu siku hiyo masomo yaligeuka. Koko alinikataza fimbo. “Sema kwanza,” alisema, nami nikawa natamka sentensi moja mara kumi kwenye simu, nikiandika alama za toni kwenye daftari la fonolojia, huku yeye akicheka upande wa pili. Silabi niliyoipandisha pasipo haki aliiita “ya mjini”. Alama zangu za daftari, zile ambazo mwalimu angezisahihisha kwa kalamu nyekundu, yeye alizisahihisha kwa kupiga mluzi.

Mwezi wa pili aliamua nipate jina la lokole. Jina hilo kwa Walokele si neno moja: lina lako, lina la baba, lina kijiji cha mama. Langu alilitunga palepale. Kijiji cha mama ni chake mwenyewe, hakikumpa taabu. Kwenye jina la baba alinyamaza.

“Hili linapanda wapi?” aliuliza.

Nilimwambia halipandi popote, ni la Kiswahili.

Akasema atalifikiria. Siku mbili za soko zilipita kimya, nikadhani ameacha. Wiki iliyopita ulifika ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Nimeusikiliza kwa spika za masikioni, polepole: jina la baba yangu, chini, chini, juu, kama ambavyo mtu angemwita kutoka ng’ambo ya mto. Kesho baada ya misa nitalijaribu. Baba bado hajui.