Risasi moja haisemi kweli

Mwaka 2009 baba mudogo wangu, mfanyakazi wa mgodi na mwindaji mwenye ruhusa, alinunua darubini ya bunduki hapa Lubumbashi. Usiku uleule aliifunga kwa ncha ya kisu, kwa kuwa turnevisi haikuonekana. Asubuhi tukaenda porini, upande wa barabara ya Kasenga. Alimlenga mbawala vizuri kabisa, lakini risasi ikampata mguuni. Tulifuata damu mpaka giza, hatukumwona tena. Na darubini, kwa kuwa ilikaa karibu mno na jicho, ilimpasua baba mudogo juu ya nyusi. Nyumbani tulikula bukari na sombe, kimya.

"Nyama ile itakufa na maumivu sababu yangu," alisema.

Mzee mmoja, fundi wa bunduki, ndiye alitufundisha. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi. Futa mafuta mahali pa vise. Weka darubini kama sentimita 9 mbele ya jicho, msalaba wake usimame wima. Kaza vise kidogo kidogo kwa kupokezana, usimalize upande mmoja.

Kisha tukasimamisha karatasi mita 25, mbele ya kichuguu kikubwa, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Baba mudogo akapiga moja: kushoto! Mara mkono ukaenda kugeuza kirungu cha darubini. Mzee akaushika.

"Hapana, baba! Lisasi moya inadanganyaka. Piga tatu, halafu pima katikati yake."

Akapiga tatu. Zote zingefunikwa na kisanduku kimoja cha kiberiti, sentimita 6 kushoto. Sasa ndipo akageuza kuelekea kulia, akihesabu. Kwa darubini ile, kila "tik" moja husogeza risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni robo yake tu. Tukarudi mpaka mita 100, akapiga tena tatu.

Ndugu msomaji, mtoto wako akianguka egizame mara moja, usikimbilie kugeuza maisha yake yote. Lakini akikosa mara tatu palepale, usiseme ni bahati mbaya. Kaa naye, mtafute pamoja vise iliyoregea.

Baba mudogo bado ana kovu juu ya nyusi. Kabla ya kwenda porini, siku hizi anapiga tatu kwanza.