Homa Inayoponaka

Wenzangu wa auditoria huniuliza: wewe mwenye diploma ya serikali katika mifugo, ulikuja kutafuta nini kwenye kitivo cha lugha? Jibu langu linatoka katika staji ya mwezi mmoja niliyofanya Walungu, Kivu ya Kusini.

Shuleni tulisoma kila kitu kwa Kifaransa. Niliweza kuandika ubaoni «peste porcine africaine» na dalili zake zote: joto kupanda, masikio na tumbo kuwa mekundu, kuharisha damu, kufa ndani ya siku chache. Nilijua pia kwamba haina dawa, na kwamba haimwambukizi mtu. Nilipata alama nzuri.

Kwenye staji nilimfuata veterineri hadi kwa mama mmoja aliyekuwa na nguruwe watatu. Mmoja alikufa usiku. Wa pili alilala, hataki kula. Veterineri aliniambia nieleze. Nikatumia jina la vitabuni: «Mama, hii ni homa ya nguruwe.» Uso wake ukapata nuru.

«Homa? Homa inaponaka, mtoto wangu. Mumupige sindano.»

Kwetu homa ni jambo la kila siku: mtu anameza vidonge, analala, anaamka. Jina lilibeba matumaini ambayo ugonjwa wenyewe hauna. Na matumaini hayo ni hatari. Anayengoja mnyama apone huchelewa kumtenga. Anayekata tamaa humchinja haraka ili auze nyama. Virusi hukaa muda mrefu katika damu na nyama, husafiri kwa viatu, kamba na mabaki ya chakula hadi zizi la jirani.

Veterineri aliacha jina. «Mama, huyu hataamka. Nyama yake ikienda sokoni, nguruwe wa majirani watakwisha.»

Mama alinyamaza sana. Nguruwe wale walikuwa minervali ya watoto, na hakuna mtu aliyeleta fidia. Tulichimba shimo refu pamoja naye, tukazika wawili. Wa tatu alikuwa bado anakula. Kesho yake naye akalala.

Ripoti yangu ya staji ilikuwa kurasa 20 za Kifaransa. Niliitetea, ikafungiwa kabatini. Mama yule hakuweza kuisoma.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Basi naomba jambo dogo: kila mwanafunzi wa kilimo na mifugo aongeze ukurasa 1 wa Kiswahili katika ripoti yake, ausome mbele ya wafugaji waliompokea. Neno likiwapoteza, walirekebishe pamoja.

Mimi nimeanza orodha ya majina ya magonjwa. Kwa kila jina nauliza wafugaji: ukisikia hili, utafanya nini kwanza? Kwa «homa ya nguruwe» bado sijapata neno la kuniridhisha. Wengine wamenipa «kifo cha nguruwe». Wengine wanasema neno hilo litawafanya watu wauze mapema zaidi. Msomaji mwenye neno bora aniletee.