Lamu: Begi Moja, Mikono Miwili

Mgeni akishuka gatini Lamu kutoka Mokowe, hata hajasimama sawasawa, begi lake limeshashikwa na mikono miwili. "Dada, twende kwangu, juu kuna upepo!" "Ngazi zake zitakuua, njoo kwangu!"

Nyumba zenyewe ni za kale, za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, nazo zimegeuzwa nyumba za wageni. Huyu hujisifia zidaka zake za chokaa, yule samadari iliyoinuka hata mtu hupandia kigoda. Aliyeshinda begi langu alinipandisha hadi juu, chini ya makuti, akanionyesha Manda ng'ambo ya maji. Kisha akaninong'oneza: "Jirani mahamri hununua. Mke wangu hukanda mwenyewe."

Jioni barazani jirani aliangua kicheko. "Muulize basi mbaazi atoa wapi!" Kumbe sufuria ni moja, hupikwa kwa jirani na kuvushwa ujia kila alfajiri.

Masika yakiingia, mchezo hupoa. Bahari huchafuka, vyumba hukaa vitupu, na kuta zadai chokaa mpya. Mji uko katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi hazitaki saruji.

Siku hizo mwenyeji wangu alikuwa na wageni wawili, mimi na Mjerumani mmoja. Jirani hakuwa na hata mmoja. Asubuhi nilimkuta mwenyeji akivusha begi la Mjerumani kwenda kwa jirani.

"Chumba chake chavuja," akaniambia.

Baadaye nilichungulia. Sakafu ilikuwa imekauka kau.