Mwezi Ulipatwa, Nikashika Simu



Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025, uliuona mwezi ulivyopatwa? Mimi nilikuwa Mwigobero, hapa Musoma, penye mitumbwi ya dagaa. Wavuvi walikuwa wamepumzika, maana mbalamwezi huwaharibia kazi ya taa. Saa 2:30 usiku kivuli cha dunia kikaufunika wote. Ukabaki mwanga mchache tu uliopenya hewa ya dunia, mwezi ukawa mwekundu kama shaba kwa dakika 82.

Mzee mmoja akaniuliza, "Shehe, amekufa mkubwa gani?" Nikamjibu upesi: alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na Mtume akakataza kulihusisha na kifo cha yeyote. Akaamrisha swala.

Kisha nikaendelea kupiga picha! Wallahi nilikuwa na jibu, swala sina. Mzee akauliza tena, "Sasa mbona hatuswali?"

Tukachukua udhu ziwani, tukaswali rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili. Tulipotoa salamu, ukingo wa mwezi ulishaanza kung'aa.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Makkah litafunikwa lote. Iandike tarehe hiyo msikitini kwako, na mimi unikumbushe.