Una mbwa zaidi ya mmoja? Usimwache hata mmoja bila chanjo

Ndugu mfugaji, huku kwetu mlimani kihamba chenye mbwa mmoja tu si rahisi kukiona. Mmoja ni wa mzee, mwingine wa vijana, wa tatu alikuja mwenyewe akifuata harufu ya makande akabaki. Kwangu walikuwa watatu, na kosa langu nitalieleza kama lilivyo, ingawa mimi ni afisa ugani.

Siku ya chanjo niliwafunga kamba madume wawili, nikashuka nao hadi ofisi ya kijiji. Jike nilimwacha. Alikuwa ananyonyesha, na mkali. Nikajisemea wawili kati ya watatu si haba. Ile asilimia 70 tunayoitaja mikutanoni ni ya mbwa wa eneo zima. Nyumbani kwako ni wote.

Miezi michache baadaye, alfajiri, mbwa mgeni aliingia kihambani anayumba, udenda unamtoka. Wangu wote watatu walimvamia kwa pamoja, maana mbwa wanaoishi pamoja ndivyo walivyo, mmoja akikimbia wote wanakimbia. Jike aling'atwa chini ya sikio. Kabla sijafika, mwanangu wa miaka sita alishamkumbatia, anampangusa damu na ule udenda, na mkononi alikuwa na mchubuko.

Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila kupaka majani wala mafuta, tukaenda hospitali siku ile ile. Alimaliza sindano zote, yu mzima. Usisubiri dalili, kwa sababu kichaa kikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Madume walirudiwa chanjo, tukawafunga na kuwaangalia. Kwa jike, daktari wa mifugo alinipa njia mbili: kumfungia peke yake miezi 6, au kumuua kwa sindano. Banda la kuaminika sikuwa nalo. Mwanangu bado huniuliza kwa nini yeye hakuchanjwa.

Kwa hiyo, yule asiyeshikika ndiye aanze. Mzoeshe kamba wiki moja kabla, anayemlisha ndiye amshike. Chanjo haimdhuru anayenyonyesha wala mwenye mimba. Rudia kila mwaka, na kadi zao ziweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, hazitapotea.

Jambo jingine, Desemba inakuja, wageni watapanda na mbuzi watachinjwa. Mapafu au maini yenye malengelenge usiwatupie mbwa mabichi, wanapata minyoo ambayo huweza kuhamia kwa watu. Chemsha vizuri au fukia shimo refu. Na kila mbwa alie chombo chake, mbali na mwenzake, watoto wasipite katikati. Vita vingi vya mbwa wa nyumba moja nilivyoviona vilianzia kwenye sufuria moja.

Kama una jike mkali anayenyonyesha na humwezi, niambie mapema kabla ya siku ya chanjo. Nitapanda na sindano mwenyewe.